Viranja Waliohongwa Pipi

Kwa miaka minne aliyofanya kazi hospitalini, Bi Kamusi hakuwahi kushindwa na neno, na kama aliwahi basi hakumwambia mtu. Alikuwa mwalimu wa Kiswahili aliyestaafu, mwembamba, mwenye miwani ya kuning'iniza shingoni kwa kamba, na ofisi yake ilikuwa chumba kilichokuwa zamani stoo ya mashuka. Humo aliletewa karatasi za watafiti, akazitafsiri, akazirudisha zikiwa zimenyooka kama nguo iliyopigwa pasi. Jina la Bi Kamusi alipewa na wauguzi. Alijifanya halipendi.

Jumatatu hiyo, saa tatu asubuhi, Daktari alisukuma mlango bila kubisha. Alikuwa bado kijana, mtafiti wa uvimbe wa ubongo kwa watoto, mtu mwenye haraka hata akiwa ameketi.

"Mwalimu, tumekwama. Mama wa kitanda namba nne amekataa kusaini. Amenirushia fomu."

"Amekurushia?"

"Kwa adabu, lakini imenipata hapa." Akaonyesha kidevu.

"Umemsomea mbio. Wewe ukisoma, mtu anadhani nyumba inaungua."

"Nilimpa asome mwenyewe tangu jana. Maneno yote ni yako."

Bi Kamusi alivaa miwani. Aliichukua fomu, akaipitia kurasa zote tatu, asione kosa hata la nukta.

Ilikuwa fomu ya ridhaa. Kesho yake saa mbili asubuhi, binti wa miaka minane wa kitanda namba nne angepasuliwa kichwa ili kutolewa uvimbe. Upasuaji ungefanyika hata kama mama asingekubali utafiti. Hilo halikuwa na mjadala. Lakini uvimbe wenyewe ulikuwa wa ile aina kali, inayokua kwa kasi, na Daktari alitaka kipande chake kifike maabara ndani ya saa moja, kikiwa bado hai, ili aone seli za kinga zilizomo ndani yake zinafanya nini: zinapigana, zimelala, au zimeshahamia upande wa adui. Bila saini, kipande chote kingetumbukizwa kwenye dawa ya kuhifadhia kama kawaida, na seli hai zisingepatikana tena. Palikuwa na jaribio la dawa mpya lililopokea tu watoto waliochunguzwa namna hiyo. Kwa mtoto huyu, nafasi hiyo ilikuwa inaisha kesho saa mbili.

"Naenda mwenyewe," alisema Bi Kamusi. "Mama wa watu hajaelewa, basi. Nitamfafanulia."

Akatoka na kalamu yake nyekundu, akitembea kama mtu anayekwenda kusimamia mtihani.

Wodini alimkuta mama akisugua vyuma vya kitanda kwa kitambaa chenye sabuni. Vyuma vilikuwa safi tangu lini sijui, lakini mama alisugua. Alikuwa fundi cherehani, na futi ya kupimia nguo ilikuwa bado imemning'inia shingoni, kwa maana alikuja hospitali akitokea kazini wiki tatu zilizopita na hakupata akili ya kuivua. Kitandani alikaa binti yake, akichora nyumba kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umeanza kumkatalia. Mdomo haukumkatalia hata kidogo. Tangu alipolazwa wodi haikujua kimya, na ndiyo sababu wote walimwita Chiriku.

"Shikamoo, bibi," alisema Chiriku. "Wewe ndiye uliyeandika yale maneno? Mama amekukasirikia sana. Mimi bado sijaamua."

"Marahaba, mwanangu," alijibu Bi Kamusi, akavuta kiti.

Kabla hajakaa vizuri, mama alimgeukia.

"Mama, mimi si mchafu," alisema fundi. "Nakuheshimu kama mzazi wangu, lakini mimi si mchafu. Nyumba yangu ni chumba na sebule, na nikidondosha sindano sakafuni naiona nikiwa mlangoni."

"Nani kasema u mchafu?"

"Wewe." Akachukua fomu, akaweka kidole ukurasa wa pili. "'Utafiti huu unachunguza mazingira ya kinga ya uvimbe.' Mazingira! Mazingira si ndiyo nyumbani kwangu? Si ndiyo choo, mtaro, jalala? Yaani mwanangu kaota uvimbe kichwani kwa kuwa mama yake hakufagia. Haya, tangu jana nasugua. Mje mchunguze mazingira, mwone aibu wenyewe."

Bi Kamusi alifungua mdomo aeleze kwamba mazingira, kwa maana pana, ni chochote kinachokizunguka kitu. Mama alikuwa ameshafungua ukurasa wa tatu, na sauti yake ikashuka hadi kwenye mnong'ono.

"Na hapa. 'Katika uvimbe wa aina hii huwa kuna upungufu wa kinga.' Upungufu wa kinga, mama. Mmempima mwanangu ugonjwa huo lini? Kwa ruhusa ya nani? Baba yake yuko safarini kikazi. Jana nimempigia simu nikamwuliza mambo ya miaka tisa iliyopita, alikuwa wapi na alikuwa na nani. Sasa hapokei."

Ugonjwa wenyewe haukutajwa, wala haukuwa na haja ya kutajwa. Kila aliyewahi kukaa kwenye benchi la zahanati na kutazama mabango ukutani anajua upungufu wa kinga ni upungufu gani, na herufi zake sita anazijua. Bi Kamusi alizijua pia. Alizijua siku alipoiandika ile sentensi.

Tena alikuwa ameonywa. Kila karatasi aliyoitafsiri ilipelekwa jengo la kumbukumbu kwa mfasiri mwingine, ambaye bila kuona karatasi ya kwanza aliirudisha kwenye lugha ya watafiti, ili kamati ya maadili ilinganishe na kuona kama kuna kilichopotea njiani. Bi Kamusi alimwita Mzee Kinyumenyume, na kwa miaka mitatu walikuwa wakigombana kwenye pambizo za karatasi bila kuonana uso kwa uso. Kwenye fomu hii mzee alikuwa ameandika: "Hapa msomaji atafikiria ugonjwa mwingine." Bi Kamusi akamjibu kwa wino mwekundu: "Msomaji asome kamusi." Kamati ikapitisha. Nani angebishana na Bi Kamusi?

Sasa alikuwa amekaa mbele ya huyo msomaji, na haya zilimshika, haya za kweli, masikio yakamwaka moto. Angeweza kujitetea. Maneno yote yalikuwa sahihi, na angeweza kuyatetea moja baada ya jingine mpaka jua lizame. Alivua miwani.

"Mwanangu, kosa ni langu," alisema. "Hakuna aliyempima mtoto ugonjwa huo, wala hakuna anayesema anao. Na uvimbe huu haukuletwa na uchafu. Haukuletwa na kitu ulichomfanyia wala ulichoacha kumfanyia. Nimeandika vibaya."

Kitambaa cha sabuni kilisimama. Fundi alikaa ukingoni mwa kitanda, akalia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, au ndivyo alivyodai baadaye.

"Tangu walipouona huo uvimbe najiuliza nimemfanyia nini mtoto wangu," alisema. "Niliposoma hapo nikasema, kumbe hata wao wanajua ni mimi."

Bi Kamusi alisogeza kiti karibu naye. Alimshika mkono, wakakaa hivyo. Moyo ulimuuma kuliko alivyotarajia asubuhi ile alipochomoa kalamu.

"Basi andika vizuri," alisema fundi hatimaye, akijifuta. "Andika, nami nitasoma. Lakini siahidi kitu."

Kuandika vizuri kuna kazi yake. Bi Kamusi aligeuza fomu, akaazima penseli ya Chiriku, akaanza upande mweupe. "Seli za kinga zilizomo..."

"Seli si jela?" aliuliza Chiriku, akichungulia.

"Seli hizi ni chembe ndogo ndogo zinazojenga mwili."

"Na kinga ni mwavuli?"

Bi Kamusi akafuta. Daktari, ambaye uvumilivu ulikuwa umemwishia kule korido, alifika akitweta na kutaka kusaidia.

"Ni kama askari," alisema. "Mwilini kuna askari, sasa ndani ya uvimbe hawa askari—"

"Wana bunduki?" Chiriku alitoa macho.

"Kichwani mwa mwanangu hamwingii askari," alisema fundi. "Tafuta kingine."

Daktari akajikuna shingo. Kwa mara ya kwanza tangu Bi Kamusi amjue, alisema polepole, akimgeukia Chiriku.

"Kichwani mwako kuna walinzi waliozaliwa humo humo. Kazi yao ni kutazama. Wakiona kitu kibaya, wanapaswa kupiga kelele na kuita wenzao walio nje, kwenye damu. Lakini kwenye uvimbe kama wako walinzi wapo, tena wengi, na hawapigi kelele. Uvimbe unaongea nao, unawapa vitu. Mwisho wanaanza kuusaidia ukue. Na wale wenzao wa nje hawaingii."

Chiriku aliweka karatasi yake pembeni.

"Kama kiranja wetu," alisema.

"Kiranja gani?"

"Wa darasani. Mwalimu akitoka, kiranja anaandika ubaoni majina ya wapiga kelele. Sasa kuna mmoja anapiga kelele kuliko wote, lakini jina lake haliandikwi hata siku moja, kwa sababu anamhonga kiranja pipi. Na siku hizi kiranja naye anapiga kelele. Na mwalimu wa darasa la pili akija kutuangalia, kiranja anasimama mlangoni anamwambia, tumetulia, mwalimu, usiingie."

Daktari alimgeukia Bi Kamusi. "Miaka sita," alisema, "miaka sita nimesomea hicho kitu. Hivyo hasa. Hata hapo mlangoni, ni hivyo hivyo."

"Na wewe unataka kujua nini?" Chiriku alimwuliza.

"Nataka kujua viranja ni wangapi humo ndani, wangapi wamehongwa, na wamehongwa pipi gani. Nikiijua pipi, huenda nikaweza kuizuia."

"Na jina lako, Chiriku," aliuliza Bi Kamusi, ualimu ukimrudia, "huandikwa ubaoni?"

"Kila siku," alisema Chiriku kwa fahari.

Hapo kazi ikaenda. Bi Kamusi aliandika, akasoma kwa sauti, na fundi akawa hakimu. Kila sentensi ilipozidi urefu alitikisa kichwa na kusema, "Hapo kitambaa ni kingi, punguza," na Bi Kamusi, aliyewahi kuwafukuza wakaguzi wa shule mlangoni, alipunguza. Mazingira yalitoka. Upungufu ulitoka. Mchana kwenye karatasi palisomeka hivi: "Mwilini kuna chembe ndogo ambazo kazi yake ni ulinzi, kama viranja darasani. Ndani ya uvimbe wa aina hii, viranja wengine wameacha kazi, na wengine wanausaidia uvimbe ukue. Tunaomba kipande cha uvimbe ili tuwaangalie viranja hao wakiwa bado hai. Uvimbe huu haukusababishwa na kosa lolote la nyumbani."

Sentensi ya mwisho haikuwemo kwenye karatasi ya watafiti. Bi Kamusi aliitia mwenyewe, na Daktari aliisoma mara mbili asiifute.

Kisheria, mabadiliko ya maneno tu yangeweza kuidhinishwa na mwenyekiti wa kamati peke yake, mradi yameambatana na tafsiri ya kurudishia. Mwenyekiti huondoka kazini saa kumi kamili. Na tafsiri ya kurudishia ilikuwa na mtu mmoja.

Saa nane unusu Bi Kamusi, Daktari akiwa nyuma yake, alipanda ngazi za jengo la kumbukumbu kwa mara ya kwanza maishani mwake. Mzee Kinyumenyume alikuwa mnene, mpole wa uso, amezungukwa na mafaili, na redio ndogo ilikuwa ikimwimbia kwa sauti ya chini. Alimtambua mgeni kwa wino mwekundu uliokuwa kwenye vidole.

"Karibu, Bi Kamusi. Miaka mitatu nakusubiri uje tugombane vizuri."

"Leo sina nafasi ya kugombana. Ulisema kweli kuhusu upungufu wa kinga. Nilikosea."

Mzee alizima redio. "Hebu rudia."

"Sirudii. Soma, fanya kazi, saa kumi mwenyekiti anaondoka."

Alisoma. Alipofika kwenye viranja tumbo lilianza kutikisika, lakini alipofika sentensi ya mwisho aliacha kucheka, akavuta karatasi. Aliuliza swali moja tu: kiranja huyu amechaguliwa na mwalimu au na wenzake? "Na mwalimu," alijibu Bi Kamusi. Mzee akaandika bila kuinua kichwa. Alipomaliza, Daktari, aliyekuwa akipima korido kwa hatua zake, alilinganisha karatasi hizo mbili na kusema hakikupotea kitu.

"Ile fomu yenye maneno yako kuhusu kamusi ninayo," mzee alimwambia Bi Kamusi mlangoni. "Nimeihifadhi."

"Naomba uichane."

"Hata kidogo," alisema mzee kwa furaha, akawasha redio.

Mwenyekiti walimkuta na mkoba begani na ufunguo mkononi. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika sita. Alisoma amesimama.

"Hili la kosa la nyumbani limetoka wapi? Kwenye fomu ya kwanza halipo."

"Limetoka wodini," alisema Bi Kamusi.

"Ni kweli kitaalamu?"

"Ni kweli," alisema Daktari.

Mwenyekiti aliiegemeza karatasi ukutani, akasaini.

Wodini, fundi alisoma fomu mpya kwa kidole, mstari kwa mstari, midomo ikitembea. Bi Kamusi alisimama miguuni mwa kitanda roho juu, kama mtahiniwa. Aliitaka ile saini. Aliitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote katika hospitali ile, na alijua pia kwamba haikuwa yake kuitaka.

"Swali moja," alisema fundi. "Utafiti huu utamponya?"

Daktari alimtazama usoni. "Sijui. Huenda ukamfaa yeye. Huenda ukawafaa watoto watakaokuja baadaye tu. Na huenda usimfae mtu."

Bi Kamusi alikuwa na maneno mengi laini ya kulifunika jibu hilo; kwa miaka thelathini na kitu alikuwa akiyakusanya. Aliliacha lilivyo.

Fundi aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeonyeshwa kitambaa cha kweli baada ya kuonyeshwa vingi vya uongo. Kisha akamsogezea binti yake karatasi. "Aanze mwenye kichwa chake," alisema.

Kwa mujibu wa taratibu, mtoto aliyefikisha miaka saba alikuwa na mstari wake wa kusaini. Chiriku aliutazama.

"Na nikisema hapana?"

Wodi nzima ilikuwa ikisikiliza, pamoja na muuguzi aliyejifanya anahesabu vidonge. Bi Kamusi alikuwa amepanda ngazi, amekiri kosa, amekimbizana na saa tangu asubuhi kwa ajili ya mstari huo.

"Basi ni hapana," alisema. "Kesho utapasuliwa vilevile, na utatunzwa vilevile."

"Na hakuna atakayenuna?"

"Mimi nitanuna," alisema Daktari. "Lakini nitanunia nyumbani kwangu."

Chiriku alicheka. Halafu akanyamaza, akafikiri, na kimya chake kilidumu mpaka watu wakaanza kutazamana.

"Ndiyo," alisema. "Lakini mkiwapata hao viranja, msiwapige. Waambieni tu waanze kazi."

Daktari alitoa kijitabu mfukoni na kuliandika neno hilo kama lilivyo.

Chiriku alishika kalamu kwa mkono wa kushoto, akatoa ulimi nje kwa bidii, akaandika jina lake lote, kubwa, limepinda, likatoka nje ya mstari na kuendelea. Mama yake alisaini chini yake, kwa ule mkono wake wa fundi, unaotia uzi kwenye tundu la sindano mara moja tu bila kukosea. Na saini ya mama ndiyo iliyotetemeka.